Kuutafuta Moto: Mafundi wa Umeme wa Pikipiki wa Karatu

Mpaka wa Namanga ulifungwa Februari 1977, na kwa maoni yangu ufundi wa umeme wa pikipiki hapa Karatu ulizaliwa mwezi huo. Pikipiki zilikuwepo tangu zamani, na watu wa kuzitengeneza walikuwepo. Lakini kabla ya hapo, kifaa kikifa, dereva wa Land Rover ya watalii aliagizwa Nairobi, na baada ya siku chache alirudi nacho mfukoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii waliokuwa wakija Ngorongoro kwa kupitia Nairobi walikatika, na spea zikakatika pamoja nao. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha. Kwa miaka ile yote, fundi wa Karatu aliyeletewa pikipiki isiyotoa moto hakuwa na kitu cha kubadilisha. Alikuwa na macho, taa ya majaribio, na muda. Ilimlazimu ajue kwa hakika kilichokufa ni kipi, kwa sababu mwenye pikipiki angeuza mbuzi ili akipate kimoja tu, na fundi akikosea hakuna cha pili.

Mimi niliingia katika kazi hii nikiwa kijana mdogo, mwishoni mwa miaka hiyo ya ukame wa spea, kwenye karakana ya misheni moja upande wetu huu wa Karatu. Nilimkuta mzee wa Kiiraqw ambaye wote tulimwita Babu, hata wale waliokuwa wakubwa kwangu. Kila ninachokijua kuhusu umeme wa pikipiki kuukuu kimeanzia kwake, na yeye mwenyewe alikipata Oldeani.

Oldeani ina historia yake. Kati ya vita viwili vya dunia, walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya mlima ule, ardhi nyekundu yenye rutuba inayopakana na msitu wa Ngorongoro. Vita vya 1939 vilipoanza, Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani na kuwaweka kizuizini, na mashamba yakachukuliwa kuwa mali ya adui. Baada ya vita yakapata mabwana wengine, na mabwana hao wakaja na pikipiki za Kiingereza. Babu alipokuwa mtoto wa karakana, kazi yake ilikuwa kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na pikipiki aliyoifahamu kwanza ni BSA Bantam. Bantam ilianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1948, lakini mchoro wake ni wa Kijerumani, DKW RT 125, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Kwa hiyo ilikuwa pikipiki ya Kijerumani mikononi mwa Waingereza, kwenye mashamba yaliyopita njia hiyo hiyo.

Miongoni mwa Bantam za mwanzo zilikuwepo zisizohitaji betri kabisa. Ndani ya gurudumu la injini mlikuwa na sumaku, na sumaku ile ilipozunguka mbele ya koili, umeme ulizaliwa palepale. Msingi wake ni jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831, kwamba sumaku inayopita karibu na waya huuamsha umeme ndani ya waya. Wajerumani wa karakana ya Robert Bosch waliliendeleza kwa ajili ya injini: mwaka 1902 fundi wao Gottlob Honold alikamilisha magneti yenye nguvu ya kutosha kurusha cheche kwenye plagi. Kwa mahali kama Oldeani ya wakati huo, ambako betri ikifa hakuna pa kuichajia, magneti ilikuwa neema. Mtu anapiga kiki, na pikipiki inajitengenezea moto wake yenyewe.

Ila magneti ya kale ilikuwa na pointi. Hivi ni vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka, na cheche ya plagi huzaliwa pale vinapoachana. Mwachano huo ni mdogo mno, kwenye pikipiki nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Vikiwa na mafuta, vumbi au ukoga, moto haupiti. Babu alivisafisha kwa kadi ngumu, akikataza msasa, kwa sababu msasa huacha mikwaruzo na chembe zinazokuja kuua pointi baada ya siku chache. Pembeni ya pointi kuna kondensa, kikopo kidogo kinachomeza umeme unaotaka kuruka pale vyuma vinapoachana. Kondensa ikifa, cheche inayotakiwa kwenye plagi inaruka kwenye pointi. Ukizungusha injini kivulini ukachungulia kwenye dirisha la magneti, utaona mwanga mkali ukipiga pale kwenye pointi, na ndipo unajua. Kama hakuna mwanga wowote, kuna mawili: ama pointi zenyewe ni chafu, ama koili ya ndani imekatika. Katika kuchungulia huko tu, bila chombo chochote, mtu alikuwa ametenganisha magonjwa yanayofanana kwa nje.

Baadaye zikaja za Kijapani. Miaka ya 1970 na 1980 huku kwetu pikipiki haikuwa ya biashara, ilikuwa ya kazi ya umma. Bwana shamba, bwana mifugo, mtu wa afya anayezungukia chanjo, padri anayekwenda kusomea misa kwenye kigango, hao ndio waliokuwa nazo. Vijiji vilikuwa vimekusanywa upya kwa sera ya Ujamaa, na mtu mmoja alipewa eneo la kuhudumia kuanzia Mbulumbulu hadi Endabash. Honda, Yamaha na Suzuki zilizoletwa zilikuwa nyepesi, zenye magurudumu marefu, nyingi zikiwa na umeme wa volti 6. Taa ya volti 6 usiku haimulikii mbali. Tena ilikuwa na tabia yake: betri ikifa au waya wa bodi, ule unaofungwa kwenye chuma cha pikipiki, ukilegea, umeme wa magneti hukosa pa kutulia, na mtu akivuta mafuta balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Wengi walinunua balbu tena na tena wakidhani balbu ni mbovu, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye skrubu moja yenye kutu chini ya tanki.

Jambo lililomtesa Babu zaidi kwa pikipiki hizi lilikuwa rangi za waya. Kwenye Honda, waya wa bodi ni wa kijani. Kwenye Yamaha ni mweusi. Kwenye Suzuki ni mweusi wenye mstari mweupe. Sasa mweusi wenye mstari mweupe kwenye Honda ndio waya wa kuzimia injini, yaani ukiugusisha na bodi pikipiki inazima. Mtu aliyezoea Suzuki akishika Honda, akaona mweusi wenye mstari mweupe umechomoka, akaufunga kwenye bodi kwa nia njema kabisa, ameiua pikipiki nzima na atashinda siku akitafuta. Vitabu vya kiwanda havikufika Karatu. Babu alinunua daftari la shule la kurasa nyingi, na kila pikipiki ngeni ilipoingia karakanani alichora njia ya kila waya kabla ya kugusa chochote: unatoka wapi, rangi gani, unaishia wapi, unakutana na nani. Aliandika kwa penseli ili aweze kusahihisha. Mimi naliona daftari lile kuwa kumbukumbu ya wilaya hii sawa na jalada lolote lililoko ofisini, kwa sababu mle ndani unaona ni pikipiki gani zilifika, kwa utaratibu gani, na zilikuwa zikifa kwa lipi.

Njia yake ya kutafuta ilikuwa moja. Aliyelima vitunguu Mang'ola ataielewa mara moja: jaruba likikauka, mkulima haendi moja kwa moja hadi chemchemi, wala hakai palepale akililaumu jaruba. Anaupanda mfereji hatua kwa hatua kutoka pale palipokauka, mpaka akute maji, na kati ya pakavu na penye maji ndipo palipobomoka. Babu alianza kwenye plagi. Kama haina cheche, anatoa kofia ya plagi na kujaribu waya mtupu. Kama hapana, anajaribu pale umeme unapoingia kwenye koili. Kama hapana, anachomoa waya wa kuzimia, kwa sababu swichi ya funguo iliyoingia maji inaweza kuufunga moto wote kwenye bodi huku kila kifaa kikiwa kizima. Kisha pointi, kisha koili ya ndani. Hakuruka hatua hata alipokuwa na hakika ya jibu.

Kisa kimoja kinanionyesha vizuri jinsi uhaba ulivyofundisha. Palikuwa na bwana mifugo aliyehudumia wafugaji upande wa Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hifadhi hiyo ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 kwa mpango kwamba watu, mifugo na wanyama pori waishi pamoja, kwa hiyo kazi yake huko ilikuwa kubwa. Pikipiki yake ya pointi ilitembea vizuri hapa mjini. Ikipita lango la Lodoare na kuanza kupanda msitu kuelekea ukingo wa kreta, ilianza kumisi, kisha inazima kabisa. Akikaa nusu saa kwenye ukungu, inawaka kama haikuumwa. Mafundi wengine walisema ni mafuta, wakafungua kabureta mara nyingi.

Babu hakufungua kabureta. Aliuliza swali moja: inazima ikiwa ya moto au ya baridi? Kisha akaitia moto makusudi pale karakanani, injini ikinguruma huku pikipiki imesimama bila upepo, mpaka ikazima. Hapo hapo akachungulia pointi huku mimi napiga kiki. Mwanga ulikuwa mkali mno. Kondensa ilikuwa nzima ikiwa baridi na inakufa ikipata joto, na mlima mrefu ndio ulioipa joto hilo. Kondensa ya pikipiki ile haikuwepo Karatu, na haikuwepo Arusha. Babu alikwenda kwenye Land Rover kuukuu ya petroli iliyokuwa imeegeshwa kwenye mawe, akatoa kondensa ya distribyuta yake, ambayo kazi yake ni ileile na kipimo chake kinakaribiana. Aliifunga nje ya injini, chini ya tanki, mahali penye upepo, akaiunganisha kwa waya mrefu uliolehemiwa kwa pasi tuliyoipasha kwenye jiko la mkaa. Pikipiki ile ilipanda ukingo na ikaendelea kupanda. Baada ya hapo akazifanyia nyingine nyingi hivyo hivyo, na ukikuta leo pikipiki kuukuu ya Karatu yenye kikopo cha Land Rover chini ya tanki, ujue ni kazi ya enzi ile.

Mlima huu una udanganyifu mwingine ambao lazima niuseme, kwa sababu bado unawapotosha vijana. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Hewa inapungua, mafuta hayapungui, plagi inapata masizi meusi na injini inakosa nguvu. Mtu anaona plagi nyeusi na cheche dhaifu, anasema umeme umeisha. Umeme ni mzima. Babu alibadilisha sindano ya kabureta hatua moja chini kwa wale wanaoshinda juu, na kuirudisha kwa wale wanaoshuka kwenda Ziwa Eyasi. Kutafuta hitilafu ya umeme ni pamoja na kujua lini si ya umeme.

Na Eyasi nako kuna lake. Vumbi la upande ule lina magadi. Likiwa kavu halina neno. Likipata unyevu, umande tu wa alfajiri, linakula shaba na kuacha ungaunga wa kijani ndani ya soketi, na wakati mwingine linapitisha umeme kutoka waya mmoja hadi mwingine. Pikipiki ya Mang'ola inaweza kukataa kuwaka alfajiri na kukubali saa nne, jua likishakausha. Ya ukingoni inafanya hivyo kwa sababu ya ukungu, maji yakiingia kwenye kofia ya plagi. Hiyo ya ukungu huonekana gizani: nyunyiza maji kidogo kwenye waya mnene wa plagi, piga kiki, na utaona nyuzi za buluu zikitambaa nje ya waya kwenda kwenye injini. Nilipoziona mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu. Umeme ambao siku zote nilikuwa nikiukisia, nilikuwa nauona kwa macho.

Mpaka ulipofunguliwa, na baada ya 1985 biashara ilipolegezwa chini ya Rais Mwinyi, spea zilianza kurudi pole pole. Karatu ikagawanywa kutoka Mbulu na kuwa wilaya katika miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilijengwa kutoka Makuyuni, ikapanda ukingo wa bonde la ufa pale Mto wa Mbu, ikapita mjini kwetu hadi lango la Ngorongoro, kwa msaada wa Japani. Safari ya Arusha, kilomita zipatazo 140, ikawa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa ufundi wetu lami ile ilikuwa jambo kubwa kuliko mashine yoyote mpya, maana iliondoa sababu ya kuwa na hakika kabla ya kununua.

Kisha zikaja pikipiki za Kichina na za Kihindi, ambazo Arusha nzima iliziita toyo. Serikali ilipotunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, kazi ya bodaboda ikawa na sheria yake, na kijiwe kikaota kila kona kuanzia Rhotia hadi Barazani. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba nyingi ya toyo hizo zilibeba injini iliyofuata muundo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo Honda waliibuni kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya na matunzo haba. Na zilibeba hata rangi za waya wake. Kijani ni bodi. Mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Mweusi wenye mstari mwekundu unaleta moto kutoka stata, yaani koili za ndani ya magneti, kwenda CDI, kiboksi nitakachokieleza hapa chini, na mweusi wenye mstari wa njano unautoa CDI kwenda koili. Kurasa za Honda katika daftari la Babu zilifaa kwa toyo bila kubadilisha neno.

Lakini pointi hazikuwepo tena. Mahali pake kuna CDI, kiboksi kilichozibwa kwa gundi ngumu, ambacho huwezi kukifungua wala kuchungulia ndani yake. Ni chombo kizuri, hakichakai kama pointi. Ubaya wake ni kwamba ni cha bei rahisi na kinaonekana cha ajabu, kwa hiyo kila ugonjwa husingiziwa hicho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Kuna nini?"

"Naomba tu uniwekee CDI, nimeshanunua. Imezima njiani na abiria."

"Nani amekuambia ni CDI?"

"Wenzangu kijiweni."

Mazungumzo hayo nimeyarudia na vijana wengi mno. Huyu wa kisa hiki nilimwomba apige kiki, nikageuza usukani kulia taratibu, injini ikawaka. Nikaugeuza kushoto, ikazima. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake pale shingoni mwa pikipiki, ambako rundo zima hukunjwa kila mtu anapokata kona. Nje ulionekana mzima. Tulilehemu, nikamwambia arudishe CDI dukani kama watakubali. Ugonjwa wa shingoni ni wa kawaida sana kwa bodaboda, na unaongezwa na waya za ziada, taa za mapambo, redio, chaja ya simu, kila moja imechomekwa kwa kukwangua waya wa kiwanda na kuuzungushia utepe.

Chini ya meza yangu nina sanduku la CDI zilizotupwa na mafundi wengine kuwa ni mbovu. Nazijaribu kila ninapopata nafasi, kwenye toyo ninayoijua kuwa nzima, na nyingi ya hizo zinatoa moto. Siwalaumu wale mafundi vijana. Abiria anasubiri, tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, na kubadilisha ni haraka kuliko kutafuta. Lakini naumia ninapoona kijana ametumia faida ya siku kadhaa kununua kifaa ambacho hakikuwa kimekufa, kisha pikipiki inazima tena kesho yake. Gharama ya kutojua imehama kutoka kwa fundi kwenda kwa dereva wa bodaboda, na dereva ndiye mwenye uwezo mdogo wa kuibeba.

Kwa hiyo anayekuja kujifunza kwangu hapewi mita kwanza. Anapewa taa ya majaribio, balbu ndogo ya nyuma iliyolehemiwa waya mbili, na anaambiwa aupande umeme kutoka plagi kurudi nyuma. Mita inakuja baadaye: stata ipimwe ukinzani, betri ipimwe injini ikiwa imezimwa, inatakiwa karibu volti 12.6, kisha ipimwe injini ikiwa imevuta mafuta, ipande kuelekea volti 14 na kitu. Isipopanda, haichaji, na hapo hatusemi betri mbovu mpaka tupime waya wa njano na waya mweupe zinazotoka kwenye stata.

Daftari la Babu lilianza kuachia kurasa miaka ya karibuni. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Endamarariek, amelinakili upya lote kwa kalamu ya wino, na rangi za waya amezipaka kwa penseli za rangi. Ameongeza kurasa zake: Boxer, TVS, na zile zenye CDI inayotegemea betri, ambazo utaratibu wa kuzitafuta ni tofauti kwa sababu betri ikilegea tu moto wote unakatika. Mwezi uliopita aliongeza ukurasa wa pikipiki moja iliyokuja kutoka Endulen, ambayo waya zake mtu aliwahi kuzibadilisha zote kwa waya mwekundu wa nyumba. Ilimchukua siku mbili kuzifuata. Pembeni ya mchoro ameandika jina la kijiji, tarehe, na kwamba hitilafu ilikuwa swichi ya breki ya nyuma.